Nenda na kile kibovu mkononi: kununua spea ndogo za mtumba bila kupigwa

Jumamosi moja nilikwenda soko la spea la Gerezani, Kariakoo, mara tatu kwa ajili ya kioo kimoja cha pembeni. Mara ya kwanza nilitaja gari tu: Toyota IST ya zamani, upande wa kushoto. Nikapewa kioo kizuri, cheupe kama cha kwangu, nikalipa, nikapanda daladala kurudi Mbagala. Fundi alipofungua mlango tukakuta soketi ya gari ina pini 5 na ya kioo ina pini 3. Kioo changu hujikunja kwa swichi, kile kilikuwa cha kukunja kwa mkono. Mara ya pili nikabeba picha kwenye simu. Nikapata chenye pini 5, lakini umbo la soketi likawa jingine. Mara ya tatu nikatia kioo chenyewe kilichovunjika ndani ya kiroba, nikakilaza juu ya meza ya muuzaji. Dakika 10 zilitosha.

Tangu siku hiyo sinunui spea ya mtumba, hata kitasa, bila kwenda na ile iliyokufa. Ndugu na majirani wakiniomba niwasindikize Kariakoo, swali langu la kwanza ni hilo: kibovu umekibeba? Nimekuja kugundua kwamba fedha nyingi hazipotei dukani. Zinapotea nyumbani, kabla mtu hajatoka, kwa sababu ameondoka hajui anachokitafuta.

Na spea ya mtumba si kitu cha kuonea aibu. Koili (kile kifaa kinachoipa plagi umeme wa cheche) au swichi iliyotoka kwenye gari lililochinjwa Japani, yaani lililofunguliwa liuzwe vipandevipande, mara nyingi itakufaa kuliko mpya ya bei chee iliyoandikwa jina kubwa kwenye boksi. Ile ya mtumba ilitengenezwa na kiwanda kilekile kilichotengeneza ya kwako. Ile mpya feki hujui ilitengenezwa na nani. Ila mtumba una masharti yake, na masharti hayo yanaanzia kwenye gari lako.

1. Hakikisha kilichokufa ni hicho

Feni ya AC ikigoma kwenye namba 1, 2 na 3 lakini ikapuliza vizuri kwenye namba 4, mota ni nzima. Kilichoungua ni rezista yake, kidude kidogo kinachokaa karibu na mota na kupunguza umeme kwenye spidi za chini. Nimeona watu wananunua mota nzima kwa kosa hilo, wanafunga, na namba 1 inagoma vilevile.

Vioo vya milango vikigoma vyote vya abiria lakini cha dereva kinashuka, tazama kwanza kitufe cha kufungia vioo kwenye mlango wa dereva. Mtoto akiegemea hapo tu, kimebonyea. Kisha tazama fyuzi. Ndipo uanze kuilaumu swichi.

Koili ndiyo inayoonewa kuliko zote. Injini ya 1NZ-FE, iliyomo kwenye IST, Probox, Fielder na Vitz nyingi, ina koili 4, moja kwa kila silinda. Gari likianza kumisi, yaani injini ikawa inakatakata, fundi akaunganisha mashine ikasoma P0302, maana yake silinda ya 2 haichomi sawasawa. Mashine haijasema koili imekufa. Toa koili ya silinda ya 2 uiweke ya 3, na ya 3 uiweke ya 2, futa kosa, washa, endesha kidogo, pima tena. Kosa likihamia P0303, koili ndiyo mgonjwa. Likibaki P0302, tafuta kwenye plagi, nozeli ya mafuta au waya. Kazi hiyo inahitaji spana namba 10 na dakika chache. Fundi anayekwambia "nunua koili zote 4 tuondoe shaka" bila kufanya hivyo, anaondoa shaka yake kwa hela yako.

2. Soma kibati

Fungua boneti. Kwenye Toyota nyingi zilizotoka Japani utaona kibati cha alumini kimepigiliwa ukutani, kati ya injini na dashibodi. Kifute vumbi ukipige picha, kwani ndicho cheti cha kuzaliwa cha gari lako. Kuna namba ya chasisi, aina ya injini, giaboksi, na mahali palipoandikwa C/TR, yaani rangi ya nje na vitambaa vya ndani.

Jina la mtaani halitoshi. "IST" ni magari mawili tofauti: ya 2002 hadi 2007, yenye chasisi za NCP60, NCP61 na NCP65, na ile tunayoiita nyu modo, iliyoanza 2007, yenye NCP110, NCP115 na ZSP110. Taa za moja hazikai kwenye nyingine. Hata ndani ya kizazi kimoja kuna iliyotoka na vioo vya kujikunja na isiyokuwa navyo, iliyotoka na taa za zenoni na iliyotoka na balbu za kawaida. Kwa hiyo ukifika dukani usiseme "IST". Sema "NCP61, injini 1NZ". Utaona muuzaji anavyobadilika namna ya kukusikiliza.

Namba ya rangi itakuokolea gharama ya kupuliza. Kwa Toyota, 040 ni nyeupe ya kawaida na 070 ni nyeupe ya lulu. Chini ya mwanga wa duka zinafanana kama pacha. Juani, kwenye gari, kitasa cha 040 juu ya mlango wa 070 kinaonekana kutoka ng'ambo ya barabara.

3. Tafuta namba ya spea yenyewe

Spea karibu zote za Toyota zina namba ya tarakimu 10, tano na tano. Tano za mwanzo zinasema ni kitu gani, tano za mwisho zinasema ni toleo lipi. 87910 ni kioo cha pembeni cha kulia, 87940 cha kushoto. 85110 ni mota ya waipa za mbele. 22204 ni sensa ya hewa inayoingia kwenye injini. 89661 ni kontroli boksi, yaani kompyuta ya injini. Koili ya 1NZ-FE ni 90919-02240, imeandikwa kichwani pake. Nissan nao wana mpango wao wa tarakimu na herufi 10; koili zao huanza na 22448.

Hapa ndipo pana faida ambayo wengi hawaijui. Dukani, bei mara nyingi hufuata jina la gari. Ukitaja Harrier au Crown, muuzaji anakupima mfuko kabla hajanyanyuka kwenye kiti. Lakini swichi, sensa na koili nyingi zinashirikiwa na magari ya kila hali. Koili ile ya 90919-02240 ni moja, iwe imetoka kwenye Probox ya mizigo au kwenye Fielder ya mstaafu. Taja namba, usitaje gari.

Taa zina namba yake ya pembeni. Kwenye kioo cha taa ya mbele au ya nyuma utaona jina la mtengenezaji, Koito, Stanley au Ichikoh, na karibu yake tarakimu chache, kwa kawaida mafungu mawili yenye kistari katikati. Namba hiyo ikilingana na ya kwako, taa ni yenyewe. Isipolingana, usikubali neno "zinaingiliana" mpaka uone inaingia.

4. Fungua polepole, ubebe

Kabla hujafungua, piga picha: kitu kikiwa mahali pake, nyaya zilivyopita, soketi ilivyokaa. Soketi usiivute kwa waya. Ina ulimi mdogo wa kubonyeza, na kwenye gari lililokaa miaka 15 juani ulimi huo umekauka kama biskuti. Ibonyeze kwa kidole, itikise kidogo, itatoka. Ukiivunja utakuwa umejiongezea spea ya pili ya kutafuta.

Kama gari haliwezi kukaa bila hicho kitu, mathalani kontroli boksi, basi angalau piga picha tatu zilizo wazi: lebo yenye namba, uso wa soketi ili pini zihesabike, na umbo zima pamoja na rula au sarafu kando yake. Picha iliyopigwa usiku kwa tochi ya simu haisaidii mtu.

5. Sokoni

Dar es Salaam, spea za mtumba ziko kwa wingi Gerezani Kariakoo na Shauri Moyo Ilala. Nairobi ni Kirinyaga Road, ambayo wazee bado wanaiita Grogan. Mzigo wake mkubwa hufika kwa makontena kutoka Japani, na mwingine kutoka Falme za Kiarabu, hasa Sharjah, ambako kuna eneo zima linaloishi kwa kuchinja magari. Kisha kuna magari yaliyopata ajali hapahapa nchini yakaishia yadi.

Nenda asubuhi, katikati ya juma ukiweza. Utakutana na winga kabla hujakutana na duka. Atakuita bosi, atakuuliza unatafuta nini, na akishakijua atakwenda kukichukua kwa mtu mwingine na kukiwekea cha juu. Simchukii winga, ni kijana anayetafuta riziki, na kwa kitu kigumu kupatikana anaweza kukuokolea siku nzima. Ila kwa kitu cha kawaida kama kioo cha IST humhitaji. Na kile kibovu chako usimkabidhi akaondoka nacho "kwenda kulinganisha". Kikipotea umebaki huna sampuli.

Muulize muuzaji kitu kimetoka wapi. Spea ya Japani mara nyingi ina maandishi ya kalamu ya rangi, ya njano au nyeupe, aliyoyaweka mchinjaji wa kule: chasisi, namba ya mzigo, tarehe. Usikubali yafutwe kabla hujayasoma. Ukiona NCP61 imeandikwa hapo kwa mkono, moyo unatulia. Spea ya gari la hapa hutambulika kwa vumbi jekundu lililokaa kwenye kona ambazo kitambaa hakifiki. Hiyo si kasoro peke yake, ila bei iseme hivyo.

6. Ikague kana kwamba huna haraka

Kioo cha pembeni kwanza, kwa kuwa ndicho kinachonunuliwa sana. Hesabu pini. Kwa Toyota za rika la IST ya zamani, pini 3 kwa kawaida ni kurekebisha kioo tu, 5 ni kurekebisha na kujikunja, na zaidi ya hapo kuna indiketa au kitu kingine ndani yake. Linganisha umbo la soketi na ya kwako, uso kwa uso. Kisha geuza upande wa mlangoni utazame bolti tatu: nyuzi zake ziwe nzima, na sehemu zinapoota isiwe na ufa. Kikunje kwa mkono, kifungue. Kiende kwa uzito ule ule, kisilegee mwishoni. Kibonyeze kioo chenyewe juu, chini, kulia, kushoto, kwa upole. Ukisikia meno yanaruka bila kioo kusogea, mota imekwisha. Mwisho kitikise karibu na sikio. Kikilia kama njuga, kuna kipande kimevunjika ndani.

Taa ya mbele inataka macho zaidi. Anza na masikio yake, yale yanayoshikwa na bolti. Taa nyingi zimetoka kwenye magari yaliyogongwa, na sikio huvunjika kabla ya kioo. Pitisha ukucha: sikio lililogundishwa lina mstari mgumu unaokwaruza, na litakuacha barabara mbovu ya kwanza. Zungusha macho kwenye maungio ya kioo na mwili wa taa. Gundi ya kiwandani ni nyembamba na imekwenda sawa. Ukiona silikoni imevimba, taa ilifunguliwa, na maji yataingia masika. Chungulia ndani, ile rangi ya fedha inayorudisha mwanga isiwe imebabuka wala kuungua, maana ikishaungua taa haina nguvu hata uweke balbu gani.

Kioo cha plastiki kinachong'aa kupita kiasi nacho kiulize. Wanakisugua kwa msasa na kukipiga polishi, kinapendeza kweli, lakini ule utando wa kukilinda na jua umeondoka. Miezi michache juani kinarudi njano. Bora taa yenye ukungu kidogo ambayo haijaguswa. Utaing'arisha mwenyewe na kuifunika vizuri.

Kuna jambo moja la taa linalohusu uhai wa watu wengine. Tanzania, Kenya na Uganda tunapita kushoto, kwa hiyo taa zetu za chini hutupa mwanga mrefu zaidi upande wa kushoto, pembeni mwa barabara. Falme za Kiarabu wanapita kulia. Taa iliyotoka kwenye gari la usukani wa kushoto inaweza kuingia bila tabu kwenye gari lako, ikawaka vizuri, na kila usiku ikampiga machoni anayekuja mbele yako. Iwashe ukitazamana na ukuta, hatua kama 5 hivi. Mwanga uwe na ukingo uliokatika, na upande unaopanda uwe kushoto. Ukipanda kulia, iache. Msomaji wa Goma, Kigali au Bujumbura, ambako wanapita kulia, atazame kinyume chake.

Taa za zenoni zina kiboksi chake cha kupandisha umeme, na wakati wa kuwaka hufikisha zaidi ya volti 20,000. Usikubali kijana aijaribu kwa kugusanisha nyaya wazi mbele yako, na wewe usijaribu kabisa. Mwachie fundi umeme.

Swichi ya vioo vya milango: bonyeza kila kitufe, kila kimoja kiwe na mlio wake na kirudi chenyewe. Nusa. Swichi iliyoungua ina harufu ambayo haitoki hata baada ya miaka. Tazama pini: ukungu wa kijani ni maji, na kwa sisi wa pwani ni maji na chumvi pamoja. Swichi ya mlango wa dereva kutoka gari la usukani wa kushoto mpangilio wake umegeuka, iache hata kama pini zinalingana.

Mota, iwe ya feni, ya waipa au ya kioo cha mlango, zinajaribiwa hapohapo. Wauzaji wengi wana betri ya volti 12 na nyaya mbili kando. Izungushwe, usikilize: mvumo laini ni mzima, mkwaruzo ni beringi au brashi zimekwisha. Baada ya kuzimwa, shika mhimili wake uutikise. Usicheze.

Koili yenyewe haipimiki vizuri kwa testa ya kawaida kwenye injini kama 1NZ-FE, kwa kuwa ina saketi ndani yake. Tazama ufa kwenye mwili, mpira wa chini uwe haujakauka, na kusiwe na alama nyeupe au nyeusi ya cheche iliyokuwa ikivuja. Nozeli inapimika. Nyingi za Toyota za petroli za aina hii husoma kati ya ohm 12 na 15. Sensa ya hewa ina waya mwembamba kama unywele ndani ya tundu lake. Utazame juani bila kuugusa. Ukiwa umekatika au umefunikwa na mafuta, rudisha.

Vitasa, vifuniko, nembo, mikono ya waipa na vikombe vya rimu havina siri. Tazama kama havijavunjika, linganisha na cha kwako, lipa.

7. Vitu vya kuacha hata ukipewa bure

Pedi za breki, mipira ya breki, mkanda wa taimingi na kitu chochote cha mpira ambacho uhai wako unaning'inia juu yake. Hivi huzeeka vikiwa vimekaa tu. Sensa ya oksijeni nayo ni ya kuchakaa, na ya mtumba inakuja ikiwa imeshakula nusu ya maisha yake.

Eabagi, ule mfuko wa hewa unaofumuka kwenye ajali, usinunue kamwe. Magari mengi ya Kijapani ya miaka ya 2000 yalifungwa eabagi za Takata, ambazo ziliitishwa kurudishwa duniani kote kwa mamilioni baada ya kuua watu. Baruti yake ilikuwa ya amonia naitreti, na hiyo huharibika kwa joto na unyevu wa miaka mingi. Siku inapolipuka inaweza kupasua kopo lake la chuma na kurusha vipande usoni mwa dereva. Joto na unyevu ndiyo hali ya hewa ya Dar, Tanga na Mombasa mwaka mzima. Kopo lililokaa kwenye rafu ya bati miaka mitatu halina wa kukuthibitishia lolote. Mkanda wa kiti uliowahi kujifunga kwenye ajali nao uachwe hukohuko.

Kontroli boksi haina hatari hiyo, ila kama gari lako lina ufunguo wa kuzuia wizi, boksi la gari jingine halitawasha injini mpaka liandaliwe na mtaalamu au lije na ufunguo wake. Ulizia gharama hiyo kabla ya kulipa.

8. Usinunue kioo cha jirani yako

Vioo vya pembeni, taa na nembo huibiwa usiku, na asubuhi viko mezani. Kwa sababu hiyo wengi tumechonga namba ya gari kwenye vioo na taa. Kabla hujalipa, kigeuze kioo kwenye mwanga ukitazame kwa upande, si kwa mbele. Namba iliyosuguliwa huacha eneo lenye ukungu, refu kama kidole, pembeni mwa kioo. Mimi niliwahi kuona tarakimu mbili za mwisho bado zinasomeka. Tazama na waya pia. Mchinjaji wa gari huchomoa soketi kwa kuwa inampa bei nzuri. Mwizi hana muda, anakata kwa kisu. Kioo chenye waya uliokatwa na sikio lililong'oka, bei yake ikiwa ya kustaajabisha, kirudishe mezani bila maneno mengi. Kupokea mali ya wizi ni kosa la jinai, na kila kimoja kinachonunuliwa namna hiyo ndicho kinachomtuma kijana arudi tena usiku.

9. Bei na maandishi

Pita maduka matatu kabla ya kutaja bei yako. Kasoro uliyoiona ndiyo hoja yako, na ni bora kuliko kulalamika.

"Kioo hiki bei gani, kaka?"

"Elfu 90, bosi. Orijino, Japani."

"Namba inalingana na yangu, nakubali. Ila kifuniko chake cha juu kina ufa, na rangi si 070, itabidi nipulize."

Alikichukua, akaupitisha ukucha palepale nilipoupitisha mimi, akanyamaza. Tukamalizana kwa elfu 55. Hakukasirika wala sikumdhalilisha, kwa kuwa tulikuwa tunazungumza juu ya kitu kilekile kilicho mbele yetu.

Vifaa vya umeme maduka mengi hayavirudishi. Basi kubalianeni kabla hela haijatoka mfukoni: siku 3 za kujaribu, kisipofanya kazi unabadilishiwa. Iandikwe kwenye risiti, pamoja na namba ya spea. Muuzaji akitaka kuweka alama yake ya kalamu juu ya spea, mwache, ana haki ya kuhakikisha humrudishii ya mtu mwingine. Dai risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi. Siku askari akiuliza ulikipata wapi kile kioo, au mwenye mali akitokea, karatasi hiyo ndiyo itakayokusemea.

10. Kufunga

Toa waya wa hasi kwenye betri kabla ya kugusa kitu cha umeme. Ukifanya kazi karibu na usukani, kama kubadilisha swichi ya taa na indiketa, subiri angalau sekunde 90 baada ya kuutoa, kwa sababu eabagi hubaki na umeme wake kwa muda. Kama hujawahi kufanya kazi hiyo, ni ya fundi umeme.

Safisha pini kwa dawa ya kusafishia vifaa vya umeme na brashi laini, iache ikauke. Unganisha soketi, rudisha betri, jaribu kila kitu kabla hujafunga mlango: juu, chini, kukunja, kufungua. Ndani ya mlango kuna karatasi ya nailoni iliyobandikwa kwa gundi nyeusi. Mafundi wengi wakishaichana wanaitupa. Irudishe, na pale ilipochanika ibandike, kwa kuwa ndiyo inayozuia maji ya mvua yanayoteremka kwenye kioo yasifike kwenye spika na swichi. Klipu za plastiki zilizokatika nunua mpya, ziuzwe mojamoja au kwa pakiti, na uzigonge kwa kiganja moja baada ya nyingine mpaka usikie kila moja imeingia.